Maji Yapo, Nguvu Haipo



 Sisi tuishio Riyadh hatuhitaji kuelezwa thamani ya barafu. Katika miezi ya kiangazi joto la mchana hupita nyuzi 40, na maji ya bomba, kwa kuwa yameshinda juani katika tangi la darini, hufika jikoni kama yaliyoepuliwa mekoni. Ndiyo maana friji nyingi kubwa zinazouzwa huku huja na mtambo mdogo wa kutengeneza barafu, ambao huteka maji wenyewe, huyagandisha, na kuyadondosha vipande vipande katika sanduku lake. Nyumba iliyokwisha kuuzoea mtambo huo huona tabu kubwa siku unapogoma, hasa mwezi wa Ramadhani unapokaribia na sharubati ya ukwaju inaposubiri.

Maradhi ya mitambo hii ni mengi, lakini lililo maarufu kuliko yote ni moja: friji yapoza vizuri, friza yagandisha nyama vizuri, ila mtambo wa barafu haujai maji. Nimeona yafaa kuliandikia jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwapunguzia wasomaji gharama, kwani wengi hununua vifaa vipya kabla ya kujua kilichoharibika. Ya pili ni nzito zaidi. Katika mtaa wetu wa Al-Sulay, jambo dogo kama hili lilikaribia kumvunjia kijana mmoja jina lake na riziki yake.

Kwanza yapasa tuelewe mtambo wenyewe unavyofanya kazi, maana asiyejua njia ya maji hawezi kujua yamekwama wapi.

Ndani ya friza kuna kalibu yenye vyumba vidogo, na katika vyumba hivyo ndimo barafu inamofanyika. Pembeni mwa kalibu pana kipima joto. Kalibu ikishuka hadi kiasi cha nyuzi 9 chini ya sifuri, mtambo huamini kuwa maji yamekwisha kuganda. Hapo kalibu hupashwa moto kidogo ili barafu iachane nayo, vidole vya plastiki huzunguka na kuitoa, kisha umeme hupelekwa kwenye vali iliyo nyuma ya friji, chini karibu na sakafu. Vali hufunguka kwa muda wa sekunde 7 hivi, maji hupanda kwa mrija hadi kwenye kalibu, kisha vali hujifunga. Kazi imekwisha mpaka mzunguko mwingine.

Wasomaji na walizingatie neno hili: sekunde 7. Mtambo wa aina hii haupimi maji, hupima muda tu. Maji yakija kwa nguvu, sekunde hizo zatosha kujaza kalibu yote. Yakija kwa unyonge, muda ni uleule, nayo kalibu hubaki nusu, au robo, au tupu. Saa yake haijui kama kazi imefanyika. Yenyewe yajua kwamba wakati umekwisha.

Baada ya utangulizi huo, nieleze kisa chenyewe.

Jamaa yetu mmoja, mtu wa heshima na baba wa watoto watano, alihamishwa na kazi yake kutoka Jeddah kuja Riyadh. Alipata nyumba Al-Sulay, huku kusini-mashariki mwa mji, orofa ya juu kabisa, chini ya paa. Vyombo vyake vilikuja kwa lori, na friji yake kubwa ikiwa miongoni mwavyo. Kuifunga friji hiyo na kuiunganisha na maji alimwita kijana wetu mmoja wa Tanga, fundi wa mabomba na majokofu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kujulikana kwa kazi yake. Walikubaliana riyali 300. Kijana akaunganisha mpira wa maji, akaiwasha friji, akawaambia waingoje siku moja.

Siku moja ikapita, na ya pili, na ya tatu. Friji yapoza, barafu hakuna. Jamaa yetu akazuia ujira. Akamwita fundi wa pili kutoka mitaa ya karibu, ambaye alibadilisha mtambo mzima wa barafu kwa riyali 450, akaondoka akisema kuwa fundi wa kwanza ndiye aliyeharibu. Barafu haikuja vilevile. Lakini lile neno la kuharibu lilibaki, na wiki iliyofuata likasemwa mbele za watu baada ya sala ya Ijumaa: kwamba kijana fulani ameua friji ya watu, na huenda amekibadili kifaa kizima kwa kibovu. Katika jamii ndogo kama yetu, ambamo kila mtu hutafuta fundi kwa kuuliza wenziwe, neno la namna hiyo halihitaji kurudiwa mara mbili. Nyumba mbili zilizokuwa zimemwahidi kazi kijana huyo zilimpigia simu na kumwambia asije.

Lazima niseme kwa insafu kwamba jamaa yetu si mtu dhalimu. Hoja yake ilikuwa na sura ya hoja. Friji hii, alisema, ilitoa barafu miaka sita kule Jeddah bila kukosa hata siku moja. Iliacha kutoa siku ileile ilipoguswa na kijana huyu. Basi ni nani mwingine wa kulaumiwa? Na alipoulizwa kama nyumba ina maji, alikwenda kwenye karo, akafungua koki, na maji yakamiminika tele. "Mwalimu, maji haya hapa," aliniambia. "Yanataka nini tena?"

Nilikuwa nimeombwa na wazee wawili niwapatanishe, kwa kuwa nimesomesha watoto wa pande zote mbili. Niliona haifai kuzungumza suluhu kabla ya kujua ukweli. Upatanishi unaofanywa gizani humlazimisha asiye na kosa asamehewe, na hiyo ni dhuluma iliyovishwa kanzu. Aya ya 6 ya Sura ya Al-Hujurat yatuamuru kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, na sikuona kwa nini friji itolewe katika amri hiyo. Nikawaomba wote wawili tukutane jikoni, tuifuate njia ya maji hatua kwa hatua, na kila hatua waishuhudie kwa macho yao.

Kijana alifika kabla ya saa. Akanishika mkono akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mimi nimeunganisha kama nilivyofunzwa. Ndani sikugusa kitu." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu. Leo hatukusikilizi wewe wala hatumsikilizi yeye. Tutayasikiliza maji."

Tulianza na yaliyo mepesi, kwa kuwa fundi anayeanza na yaliyo mazito hupoteza fedha ya mwenye mali. Tuliweka kipima joto ndani ya friza na kukiacha. Kilionyesha nyuzi 18 chini ya sifuri, ndivyo inavyotakiwa. Friza isiyofikia baridi hiyo humfanya mtambo asubiri bila mwisho, maana kalibu haifiki mahali pa kuamini kuwa barafu imeganda. Halafu tuliutazama ule mkono wa waya ulio ubavuni mwa mtambo. Ukiwa umeinuliwa, mtambo husimama, kwani huo ndio ujumbe wake kwamba sanduku limejaa. Mara nyingi watoto huuinua kwa kuchezea, au mfuko wa samaki huusukuma. Huu ulikuwa umeshuka.

Tukaenda nyuma ya friji. Koki ndogo ya ukutani ilikuwa wazi kabisa. Mpira haukuwa umekunjika wala kubanwa na friji. Chujio la maji tulilitoa, tukaweka mahali pake kile kizibo cha kupitishia maji moja kwa moja, maana chujio lililokaa mwaka mzima laweza kuziba peke yake. Halikuwa sababu. Tukaugusa mrija unaoingiza maji katika friza, kwa kuwa huko hutokea donge la barafu likaziba njia. Ulikuwa mkavu na wazi.

Ikabaki vali. Tuliulazimisha mtambo uanze mzunguko wake, tukanyamaza wote. Wakati ulipofika, vali ikavuma kama nyuki aliyefungiwa chupani, sekunde zake chache, kisha ikanyamaza. Kuvuma huko kulikuwa ushahidi mkubwa. Kulimaanisha kwamba mtambo unaagiza maji, kwamba umeme unafika, na kwamba koili ya vali haijaungua. Tukachomoa friji kwenye umeme, tukafunga koki, tukaifungua vali na kukitazama kichujio chake kidogo cha wavu. Palikuwa na mchanga kidogo na chembe nyeupe za chokaa, kama ilivyo kawaida ya matangi ya huku ambayo hupokea vumbi la jangwani na maji ya magari. Tukasafisha kwa mswaki na siki. Tukarudisha. Tukajaribu tena. Vali ikavuma, maji hayakuja.

Jamaa yetu akasema, "Umeona Mwalimu, vali ndiyo mbovu." Kijana akainamisha kichwa. Nami nikawaomba tupande darini.

Hapa naomba niondoke kidogo Al-Sulay, maana jibu lilikuwa katika safari ya maji yenyewe.

Wazee wetu waliokwenda Hija kwa merikebu walishukia Jeddah, mji uliokuwa na dhiki kubwa ya maji matamu. Maji ya mvua yaliwekwa katika birika za chini ya ardhi, na mwanzoni mwa karne ya 20, zama za Waturuki, ufukweni uliwekwa mtambo wa kuchemsha maji ya bahari na kuukusanya mvuke wake. Wenyeji waliuita kandasa, jina walilolitohoa kutoka Kiingereza. Mwaka 1947 ndipo maji ya Wadi Fatima yalipofikishwa mjini kwa mabomba, katika mradi uliopewa jina la Al-Ain Al-Aziziyah kwa kumnasibisha Mfalme Abdulaziz. Leo miji hii hunywa kwa wingi maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Na Riyadh, ambayo haina bahari, iko kiasi cha kilomita 400 kutoka Ghuba na kiasi cha mita 600 juu ya usawa wake. Kwa muda mrefu ilitegemea visima, vifupi na virefu. Tangu miaka ya 1980 maji ya Jubail husukumwa kwa pampu kuvuka jangwa mpaka huku.

Fikirini ni nguvu kiasi gani inayohitajika kuyapandisha maji mita 600. Mtu angedhani kwamba maji yaliyosukumwa hivyo yatafika jikoni yakiruka. Lakini sivyo. Yafikapo nyumbani, iwe kwa bomba au kwa gari la maji, huingia katika tangi la chini ya ardhi. Kutoka hapo pampu ya nyumba, ambayo wenyeji huiita dinamo, huyapandisha katika tangi la juu ya paa. Na yakishamwagika katika tangi hilo, nguvu zote zilizoyaleta hukoma. Tangi limeunganika na hewa, halihifadhi msukumo wa mtu. Tangu hapo maji hayana kitu ila uzito wao wenyewe, na uzito huo hupimwa kwa kimo peke yake: kutoka uso wa maji tangini hadi mahali yanapotumika. Upana wa tangi si kitu. Tangi la lita 5,000 na ndoo ya lita 20, zikiwa kimo kimoja, husukuma sawasawa.

Hesabu yake ni ile tuliyowafunza watoto darasani. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa karibu baa 1, ambao ni paundi 14 na kitu kwa kila inchi ya mraba. Kijitabu cha friji ile kiliandika waziwazi kwamba vali yake yataka angalau paundi 20. Kwa hiyo uso wa maji lazima uwe juu ya vali kwa mita 14 hivi.

Tulipofika darini tulifunga jiwe katika kamba, tukaishusha nje ya ukuta kutoka usawa wa maji ya tangi hadi usawa wa sakafu ya jikoni, ambako ndiko iliko vali. Kijana alishika kamba juu, jamaa yetu akasimama chini dirishani. Tukaivuta, tukaipima kwa futi. Ilikuwa mita 4 na nusu. Mita 4 na nusu ni paundi 6 na kitu. Friji yataka 20.

Nikamwuliza jamaa yetu, "Kule Jeddah mlikaa orofa ya ngapi?" Akasema, "Chini kabisa, Mwalimu." "Na jengo lilikuwa la orofa ngapi?" "Nne, na tangi juu yake." Hapakuwa na haja ya kuendelea. Orofa tatu zilizokuwa juu ya kichwa chake ziliongeza kama mita 10 juu ya zile 4 na nusu. Zikijumlishwa, zapita zile 14 kwa tone. Miaka sita friji ile ilikuwa imeishi ukingoni mwa mpaka wake, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyehitaji kujua. Kilichobadilika siku ya kuhama hakikuwa friji, wala mpira, wala mkono wa fundi. Kilikuwa umbali kati ya paa na sakafu.

Lakini koki ya karo je, mbona inamimina? Swali hilo aliliuliza mama wa nyumba aliyekuwa akisikiliza mlangoni, nalo ni swali zuri. Koki ya karo ni tundu pana, na ukiifungua umeifungua kwa mkono wako. Maji yenye msukumo mdogo hupita hapo kwa wingi. Vali ya friji ni kitu kingine. Ndani yake mna kipande cha mpira kilichofunika njia. Umeme hauinui kipande hicho, huinua kipini kidogo tu katikati yake. Kazi ya kukiinua chenyewe imeachiwa maji, yakisukuma kutoka chini. Msukumo ukiwa haba, kipini hupanda, vali huvuma, lakini mpira hukaa pale pale au hujikongoja nusu. Wakati mwingine balaa huwa kinyume chake: mpira haurudi vizuri mahali pake, maji hudondoka tone moja moja, nayo huganda katika mrija na kuuziba. Kwa hiyo maji kuwapo ni habari moja, na maji kuwa na nguvu ni habari nyingine. Koki ya karo hujibu swali la kwanza. Haiwezi kujibu la pili.

Dawa ilikuwa nyepesi. Madukani huuzwa pampu ndogo zitumikazo na machujio ya chini ya karo, zenye swichi inayoizima msukumo ukishatosha. Jamaa yetu alinunua moja kwa riyali zisizofika 200, na kijana aliifunga siku hiyo hiyo kati ya koki na friji. Mtambo ulipoagiza maji, tulisikia kwanza mngurumo wa pampu, kisha sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa mwezi mzima, sauti ya maji yakiingia kalibuni. Mama wa nyumba akasema kwamba sasa ataweza kurudisha makopo ya maziwa, maana muda wote huo wanaume wakigombana yeye alikuwa akigandisha barafu kwa makopo. Barafu ya mara mbili za kwanza tuliimwaga, kama ipasavyo kila mrija mpya unapofungwa. Iliyofuata ilikuwa safi.

Yaliyobaki hayakuwa ya ufundi. Kijana alilipwa riyali zake 300 palepale, na ujira wa kufunga pampu juu yake. Mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kuharakisha haki ya mfanyakazi hayahitaji mimi niyakumbushe. Lakini nilimwambia jamaa yetu kwamba fedha ni nusu ya deni. Lile neno lilisemwa mbele za watu, basi na likanushwe mbele za watu hao hao. Alikubali, na Ijumaa iliyofuata, mahali pale pale, alisimama akaeleza jambo lote, tangu mita 4 na nusu hadi pampu. Ilimgharimu kuliko riyali, nami namheshimu kwa hilo. Nyumba moja ilimwita kijana tena. Ya pili ilikuwa imekwisha kumpa kazi mtu mwingine, na kazi hiyo haikurudi. Neno likishatoka hukanushwa, ila halirudi lote.

Kwa faida ya wasomaji, naweka hapa utaratibu kwa ufupi, na kila nyumba iufuate kabla ya kumwita fundi, sembuse kumshutumu.

Kwanza, iwapo friji imehamishwa au ni mpya, ingoje saa 24. Hakikisha friza imefika karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na mkono wa waya uko chini au swichi ya mtambo imewashwa.

Pili, tazama koki ya nyuma, mpira wake, na chujio. Litoe chujio na ujaribu bila ya hilo.

Tatu, sikiliza vali. Isipovuma kabisa wakati wa kuagiza maji, shaka iende kwenye umeme, koili au mtambo wenyewe. Ikivuma na maji yasije, shaka iende kwenye maji: kichujio cha vali, mrija ulioganda, au msukumo.

Nne, ulize tangi liko wapi. Ukikaa orofa ya juu, ondoa shaka hii kabla ya kununua kifaa chochote. Kamba na jiwe vyatosha. Barafu iliyokuwa ikija ndogo ndogo, nyembamba au yenye tundu katikati ni dalili ya mapema ya msukumo haba, na dalili ya mvua ni mawingu.

Tano, usiguse nyuma ya friji kabla ya kuichomoa. Nyumba nyingi za huku zimejengwa na umeme wa namna mbili, volti 127 na volti 220, kabla ya nchi kuamua mwaka 2010 kuhamia volti 230 kwa hatua. Friji ya Kimarekani iliyochomekwa penye 220 huunguza koili ya vali kwa mara moja, na hilo ndilo kosa ambalo hakuna pampu ya kulitibu.

Kuna neno moja zaidi kwa wale wanaotayarisha vyombo kurudi navyo Unguja, Tanga au Mombasa. Kwetu umeme ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na huku ni 60. Transfoma hurekebisha volti, haibadili mizunguko. Katika mitambo ya zamani ambayo saa yake ni mota ndogo ya umeme, zile sekunde 7 zitakuwa 8 na kitu, na kalibu yaweza kufurika. Pana skrubu ndogo ya kupunguza maji, mwonyesheni fundi. Tena kumbukeni kwamba tangi la plastiki juu ya mnara wa mita 3 uani halitoshi kuilisha friji ya namna hii, hata likiwa jipya na kubwa namna gani. Wengi wamelipa nauli ya mtambo wa barafu kuvuka bahari, ukafika nyumbani ukawa pambo. Fanyeni hesabu ya kimo kabla ya kulipa nauli.

Na pale chombo kinapogoma nyumbani, tusifanye haraka kumtafuta mtu wa kubebeshwa. Aliyegusa mwisho siye lazima aliyeharibu. Mara nyingine sababu imekaa darini, kimya, na yahitaji tu mtu wa kupanda ngazi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuthibitisha kabla ya kunena, na atufikishe Ramadhani salama, sisi na jamaa zetu walio mbali. Wabillahi tawfiq.

Mwalimu mstaafu, Al-Sulay, Riyadh